Lita Nne

Watu huuliza kwanza, "Na nani?"
Mwenye nyumba ya wageni kule Tomakomai aliuliza,
kalamu imening'inia juu ya daftari,
kana kwamba jina moja ni sentensi isiyokwisha.
Peke yangu, nikasema. Akaandika: mmoja,
akavuta mstari mpaka ukingoni mwa ukurasa
asije mtu akajipenyeza.

Pikipiki yangu ni kijivu, rika la mwanangu,
na kama yeye hugoma asubuhi za baridi.
Nimeifungia hema, sufuria, soksi za sufu,
na likizo ya siku sita niliyoidai miaka mitatu
kwenye ofisi ya kodi ya Obihiro.
Kushoto farasi, kulia bahari.
Barabara haina maneno mengi:
inapinda, nami napinda;
inashuka ghafla, tumbo linabaki juu kidogo.
Tunaopishana huinua mkono wa kushoto,
wewe huyo, mimi huyu,
basi, mazungumzo yameisha na yametosha.

Kituo cha petroli kilichomo kwenye ramani
kilifungwa siku alipozikwa mwenyewe.
Pampu mbili zimevishwa mifuko vichwani.
Nikahesabu kilomita kama mdeni ahesabuvyo siku.
Ya kumi na moja, ikakohoa,
ikakohoa tena,
ikanyamaza kwa adabu
mbele ya uwanja wa kokoto ulioanikwa mwani,
majani meusi, marefu kupita mtu,
yamelala sambamba kama mikanda ya majitu.

Bibi mmoja, kitambaa kimemkaza kidevu,
alinitazama mimi, akayatazama mawingu
yaliyokuwa yakishuka mlimani bila haraka,
akasema, "Una mikono mingapi?"

Nikavua glavu.

Hakuna aliyenifundisha. Tazama, fanya.
Usiuburute: mchanga ukishika, bei inaanguka.
Kunja, beba, ghalani; rudi, kunja, beba.
Mgongo wangu wa kiti cha ofisi
ukanitukana kwa lugha nisiyoijua.
Shemeji yake, Yoshimitsu, alikimbia kama kaa,
ubavu ubavu, mafungu mawili kila kwapa,
na tone la kwanza lilipopiga bati la ghala
tulikuwa tumebakiza kokoto tupu.
Tulisimama mlangoni tukiitazama mvua
ikilowesha mahali ambapo mwani haupo.
Bi Tsuruyo akaizomea, kweli, kwa sauti,
kama mtoto amzomeavyo kipa aliyefungwa.

Kisha dumu la mashine ya mashua.
"Lita nne. Halina oili, usihofu."
Nikatoa pochi. Akanifungia kiganja changu mwenyewe:
"Mvua ingekula laki mbili. Weka hiyo."
Akanipa tonge la wali lililojaa samaki wa chumvi.
Hakuuliza niko na nani.
Aliniuliza kama breki za nyuma ni nzima,
maana mbele kuna kona imemla mkwewe mguu.

Kona nikaiona. Nikaipita polepole, nikiisalimu.

Erimo ni upepo mtupu; ardhi imechoka, imeacha.
Nilipovua glavu, kidole gumba kilitoka na kipande cha mwani
kilichojificha humo tangu mchana.
Nikakitafuna: chumvi, chumvi,
kisha, kwa kuchelewa sana, utamu.
Mlinzi wa kambi akaja na tochi na daftari lake.
"Wangapi?"
Nusura nimjibu: miwili.