Pampu Namba Nne, Haima

Kibandiko kinaonyesha simu, mstari mwekundu juu yake.
Jua la Haima limeula ule wekundu,
umebaki rangi ya ufizi.
Nakionyesha kwa kidole mara arubaini kwa siku:
"Zima simu, sadiki."
Huku neno hilo ni rafiki.
Kwetu Pangani ni kuamini.
Wao ni marafiki, hawasadiki.

Kijana mmoja wa gari jeupe alinisomea,
kutoka simu hiyohiyo niliyomkataza,
kwamba simu haijawahi kuchoma kituo popote.
Huenda. Mimi si mhandisi.
Petroli naijua kwa pua:
mchana, nyuzi arubaini na nane,
mvuke unatoka tangini ukitetema
kama hewa juu ya kikaango,
hauna rangi, hauna haraka,
unatafuta mwenzake tu.

Mzee Muhanna alifika Alhamisi baada ya adhuhuri,
katoka Ibri, anakwenda Salala.
Mzaliwa wa Wete. Kiswahili chake
kimekaa sandukuni miaka sitini,
bado kina mikunjo.
"Jaza, mwanangu, mpaka iseme basi."
Simu aliiacha kitini. Kibandiko alikisoma.
Mtu wa adabu, kasimama kando, mikono nyuma.

Kisha ikalia.

Akaingia garini, akateleza juu ya kiti cha nailoni,
kanzu yake ya polista ikisugua, ikisugua.
"Alo? Haima. Ndiyo, nimekula. Ndiyo, na dawa."
Akatoka. Hakugusa mlango, hakugusa bati,
akanyoosha mkono kunisaidia:
"Imejaa hiyo, wacha nichomoe."

Tss.

Sauti ndogo, ya mtu anayembembeleza mtoto.
Halafu moto, samawati, mwembamba,
umekaa mdomoni mwa tangi
kama ulimi uliosahau neno.

Mkono wake ulitaka kuvuta. Mkono wowote ungetaka.
"Usichomoe!"
Na mimi, niliyelelewa kubusu wazee mikono,
nikamsukuma mzee kifuani,
akaanguka, yeye huku, kofia kule.
Shafiqul akakipiga ngumi kitufe cha dharura,
pampu zote nane zikanyamaza,
akaja na mtungi, unga mweupe ukafunika
gari, bomba, viatu vyangu, kila kitu.
Nilihesabu baadaye kichwani: sekunde tisa.

Meneja akaandika: *Sababu, simu.*
Shafiqul akatikisa kichwa.
Si simu, akasema, ni kiti na nguo na ukavu wa hapa,
ni umeme aliouvaa bila kujua.
Angegusa bati kwanza, ungeshuka ardhini kimya kimya.
Kweli kabisa.
Lakini nani alimwita arudi ndani?

Mzee aliomba simu yake.
Nikamvusha mstari wa njano, mpaka ukutani kwa duka la maji,
nikampa kofia kwanza.
"Alo, mama Thuraya. Hapana, hakuna kitu.
Nimeangusha kofia tu."
Vidole vilikuwa vinamtetemeka. Akanitazama
nisiseme.

Sikusema. Siku hizi, kabla ya kushika bomba,
naweka kiganja juu ya bati,
hata linapochoma.
Wateja wanadhani nalibariki gari.

Simu yangu mwenyewe inalala kwenye droo ya keshia,
juu ya sarafu. Ikitikisika, sarafu zinaimba,
nami najua ni Pangani, najua ni nani,
sijui ni nini.
Inatikisika sasa.
Lita thelathini na mbili.
Thelathini na tatu.