Ngazi Themanini na Mbili

Nilikwenda kudai sindano.
Nikapewa daftari la kurasa arobaini na nane, na kalamu
iliyovishwa kipande cha kandambili kiunoni
ili vidole visilazimike kuibana.

Nikacheka. Nikasema: mimi ni Kabula wa Igogo,
miaka ishirini napara sato pale Mwaloni,
vidole vimegoma kukunjuka, nanyi mnanipa ya kuandikia?

Bi Nkwimba hakukasirika.
Aliilaza mikono yake mezani,
ikatulia pale kama tangawizi.
Zamani alipiga taipu chama cha pamba.
"Hivi," akasema, "ndivyo vyeti vyangu."

Baridi yabisi.
Baridi gani, katika mji ambao mawe yake saa saba
yanaunguza nyayo za mbuzi?

Jumanne, saa nane, chumba cha nyuma cha zahanati.
Dirisha linatazama jiwe kubwa kuliko zahanati yenyewe
na juu ya jiwe mtu ameanika mashuka.
Tulikuwa kumi na mmoja.
Mzee Lushinge, msuka nyavu, alikaa jirani na mlango,
kofia magotini. Wiki mbili kimya.
Ya tatu akasema, "Vifungo hunifunga mke wangu,"
kisha akalitazama jiwe.

Hakuna aliyempa pole.
Bi Nkwimba alichukua waya, akaukunja ncha, akampa.
"Tundu ni maji, kifungo ni samaki. Haya, vua."
Mzee akavua. Kimoja kilimponyoka mara nne.
Akavua vyote vitano, akasimama, shati limekaa.
"Maisha yangu yote," akasema, "nilivua nikavuliwa.
Leo nimevua nikavaa."
Tukacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Ndoo usiitundike vidoleni, ikumbatie.
Kifuniko kizungushe kwa kiganja.
Samaki kumi, kisha inuka, nyoosha, rudi.
Uchungu ukikaa zaidi ya saa mbili baada ya kazi,
ujue ulikopa kupita kipato.
Vidonge vya Bugando meza kama ulivyoandikiwa,
ila vidonge havipandi ngazi.

Ngazi! Kwangu ni themanini na mbili,
zimechongwa kati ya mawe na mtu mwenye miguu mirefu
asiyekuwa na huruma.
"Wiki hii utafanya nini?" akaniuliza.
Nitajitahidi.
"Hilo si jambo. Nini, lini, mara ngapi?"
Nitapanda zote, kila siku, bila kupumzika.
"Hakika yako, moja hadi kumi?"
Nikapima. Nne.
"Basi punguza mpaka ifike saba."

Nikaandika, herufi kubwa kama za mtoto:
ngazi ishirini. Nikae kwa mama Holo. Maji. Tena ishirini.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
*Mguu mzima hupanda, mgonjwa hushuka.*
Watoto wa jirani wameudaka, wanauimba nyuma yangu,
nami sina la kuwafanya, maana wananihesabia.

Jioni naegemeza magoti kwenye jiwe la uani
lililobeba jua tangu asubuhi.
Hilo sikufundishwa. Hilo nililigundua mimi,
nikawapelekea darasani.

Usidhani nimepona.
Usiku wa mvua ya Machi goti lilivimba kama papai,
nikalala nimekaa, nikiwatukana mabati na Mungu kidogo.
Asubuhi nikafungua daftari, nikaandika: *Leo hapana.*
Bi Nkwimba alisema hata hilo liandikwe.
Na chini yake, baada ya chai:
*Kesho, ngazi tano.* Hakika: nane.

Jumanne iliyopita mwanamke mgeni alisimama mlangoni,
mkoba umening'inia kwenye kiwiko,
akauliza sindano zinachomwa chumba gani.

Sikumjibu.
Nilimsogezea kiti, kile kirefu,
kinachokuruhusu kuinuka bila kuomba mkono wa mtu.