Kosa Dogo

Programu ilifaulu majaribio yote mia mbili na nne.
Mhadhiri akaandika pembeni: safi.
Tukaipeleka Birkat al-Mauz
igawe maji ya falaji kwa simu,
si kwa kivuli cha kijiti tena.

Wiki ya tano akanipigia Bi Ghaniya,
Kiswahili chake cha Wete
hakijapauka kwa jua la Nizwa:
"Mwanangu, mdimu wangu wasinyaa.
Hicho kidude chako chanipunja."

Nikacheka. Mashine haijui kupunja.

Usiku nikapita msimbo mstari kwa mstari,
chai ikapoa, Muhanna kalalia kibodi.
Fungu la nusu saa, warithi kumi na sita:
kila mmoja dakika moja,
sekunde hamsini na mbili
na nusu.

Dakika nikaiacha.
Sekunde nilizikata mimi,
hesabu ionekane nadhifu;
zikateremka shamba la chini, kwa mtu
ambaye hata hakuziomba.

Alfajiri nikarekebisha. Herufi tisa tu.

Kwenye tasnifu, sura ya nne, nimeandika:
"Palitokea kosa dogo la ukadiriaji."

Nimerudi,
nikalifuta "dogo".