Umeme Ulipokatika Isevya

Cheti cha fundi Mihayo hakijatundikwa ukutani.
Anatembea nacho: vidole kumi,
miaka thelathini na moja ya kupasua mninga.

Siku ya kwanza aliniambia nivue saa na bangili,
nikunje mikono ya shati, nifunge nywele.
Nikauliza, na miwani ya nini?
Akasema, zunguka maduka yote ya Tabora,
ukipata spea ya jicho niletee mbili.

Leo saa nane ubao ulikuwa umefika nusu,
unga mwekundu umetujaa puani,
mara msumeno ukaguna, ukalegea, ukanyamaza.
Kwa kinyozi jirani redio ikakatika
katikati ya matangazo ya vifo.

Nikaona kipande kimekwama penye meno.
Kidole kilishatangulia, mimi nafuata.
Fundi akanidaka kiwiko. Hakufoka.
Akaufuata waya kwa macho hadi ukutani
kama anayefuata mburuzo wa nyoka,
akachomoa plagi, akaniwekea kiganjani.
“Shika. Amelala tu huyu, hajafa.”

Kipande nikakitoa kwa kijiti.
Nilikuwa bado napuliza unga
redio ilipopayuka, taa ikawaka,
mashine ya kinyozi ikaanza kunguruma,
na kinyozi akapiga kelele, “Umerudi!”

Msumeno, kimya.
Plagi ilikuwa mkononi mwangu, imelowa jasho,
meno yake matatu yameniachia alama.

Jioni, nikifagia, nilihesabu hadi kumi.
Nikahesabu tena.