Si ni Nne

Tuliomba elfu moja mia tisa,
viti ishirini na vinne:
Biashara na Lugha, kozi mpya,
jengo la vioo kule juu ya mawe ya Isamilo.
Hesabu hiyo niliiandika kwa chaki
nyuma ya mlango wa choo, Igogo,
nikaifuta kwa kiwiko kabla mama hajaamka.

Fomu ilitaka maneno mia tano:
Eleza shida uliyoishinda.
Mwalimu Lugembe akanishauri, kwa nia njema,
"Andika habari za baba yako na ule mtumbwi.
Watalia. Wakilia, umeingia."
Usiku kucha kalamu ikakaa juu ya neno baba
kama korongo juu ya paa la soko,
hali, haruki.
Asubuhi nikalikata.
Baba si bidhaa.

Nikaandika habari za mabondo.

Jumamosi moja, Mwaloni,
mjomba Malimi kaanika mabondo ya sangara
kwenye wavu, manjano, yanapitisha jua kama kucha.
Mnunuzi Bwana Lin, kofia ya mkeka,
na mimi katikati, mkalimani wa kidato cha sita
mwenye Kichina cha kuokota:
nambari, salamu, na matusi mawili
niliyofundishwa na wapakiaji wa maboksi.
Mjomba akasema, "Mwambie laki tatu kwa kilo."
San ni tatu. Si ni nne.
Mdomo wangu ukasema si.

Kwao si ni nne, kwetu si ni kukana,
nami nilikuwa nakana nini, sijui:
bei ya mjomba, au ule unyonge wake
wa kutaja bei huku akitazama chini.
Bwana Lin akabonyeza kikokotoo,
akalipa nne, noti kwa noti,
kisha akaniinamia, kwa Kiswahili
kilichonyooka kunishinda mimi Msukuma:
"Mdogo wangu, leo umekosea vizuri.
Kesho usirudie."

Kwenye usaili walikaa watatu.
Mama mmoja wa miwani akauliza,
"Mkalimani mwaminifu ni yupi?"
Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri,
limepigwa pasi pamoja na sketi.
Nikaliacha likining'inia.
Nikasimulia ya san na ya si,
na kwamba ada ya fomu iliyo mbele yao
imetoka kwenye ile laki iliyozidi.
Feni ikazunguka. Huko chini
kivuko cha Kamanga kikapiga honi.
Wa kushoto aliandika kitu kirefu
na hakunitazama tena.

Ujumbe umeingia leo, saa nne kasorobo,
nikiwa foleni ya maji.
Umechaguliwa.
Mama kausoma mara tatu, kaishika simu
kwa mikono miwili, kama bakuli la uji wa moto,
akauliza, "Na hiyo biashara wanayofundisha,
wanauza nini?"

Sikujibu. Nilikuwa natoa:
elfu moja mia tisa, toa ishirini na nne.
Elfu moja mia nane sabini na sita,
na mmoja wao ni Nyanzobe,
aliyenifundisha sehemu na desimali
kwa vipande vya muhogo, darasa la tano,
aliyenisahihishia fomu hii hii
kabla hajaijaza ya kwake.

Nimepanda ngazi za mawe hadi kwao, Mabatini,
nikiwa na lugha tatu na nusu,
na hakuna hata moja yenye neno la kubishia hodi.
Alikuwa uani, beseni la sato miguuni,
magamba hadi kwenye nyusi.
Alikwisha sikia. Milima yetu ina mawe, haina kuta.
Akanisogezea kigoda kwa unyayo.
"Shika kisu," alisema.
"Anza na hao wakubwa,
mimi vidole vinaniuma."