Juu ya Mgodi

Baba yangu Toktosun alikula mkate wa chini ya mlima.
Alfajiri aliingia tumboni mwake na taa kichwani,
jioni akatoka, meno tu yakionekana.
Mimi nakula mkate wa juu.
Mlima ni uleule.

Mgodi ulipofungwa nilikuwa na miaka tisa.
Wanaume wakapanda lori kwenda kujenga maghorofa ya Urusi,
farasi wakauzwa mmoja mmoja,
na duka la Burul likabaki na chumvi, viberiti
na kalenda ya mwaka juzi.
Theluji peke yake haikuhama.
Ilifika Oktoba kama mdai, ikakaa mpaka Mei,
nasi tukailaani kila tulipoizoa mlangoni kwa sepetu.
Nani angedhani deni lile ni mtaji?

Skii zangu za kwanza: mbao mbili za kitanda cha marehemu bibi.
Nilizikunja ncha kwa mvuke wa birika,
nikazifungia mikanda niliyoikata
kwenye ule mkanda mkubwa uliokuwa ukibeba makaa.
Chini nikagongomea ngozi ya mguu wa farasi,
manyoya yamelalia nyuma,
ili nikipanda yashike, nikishuka yaniachie.
Nilianguka mara nisizozihesabu.
Mama alizihesabu.

Wageni wa kwanza walikuwa watatu, wamepotea, ndevu zimeganda.
Walilala sakafuni kwetu, wakala viazi vyetu,
asubuhi wakauliza njia ya bonde la nyuma.
Nikawapeleka. Wakatuachia noti
ambazo Mama alizianika juu ya jiko kama nguo za mtoto,
akizigeuzageuza, akiogopa ni za bandia.
Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, si kwa ndoto.
Ndoto ilikuja baadaye, na risiti mkononi.

Kozi ya Karakol ilinipa cheti na kamba.
Elimu nilipewa na Baba, akikohoa kando ya jiko:
"Kabla ya sururu, gonga dari.
Ikilia chuma, fanya kazi.
Ikilia ngoma, toka, hata kama mshahara ni kesho."

Sasa nachimba shimo la theluji, kimo cha kifua,
nasoma tabaka zake kwa kidole:
hii ya dhoruba ya Desemba,
hii ya jua la siku tatu,
na chini kabisa ile ya sukari, punje zisizoshikana mikono.
Naacha nguzo, naweka sepetu juu yake, nagonga:
kumi kwa kifundo cha mkono,
kumi kwa kiwiko,
kumi kwa bega.
Februari hii ilikatika pigo la tatu,
bila kelele, kama droo iliyopakwa sabuni.

Kilele kilikuwa pale, ungekitupia kofia.
Wageni sita, akiba ya miaka miwili,
na mmoja wao, Henning, ameshavua glavu apige picha.
Nikasema: tunarudi.
Wakanitazama kama mwizi.
Heri nusu shari, nikajiambia, nikageuza skii.

Usiku sikulala. Niliusikiliza mteremko,
na, Mungu anisamehe, nikauomba uporomoke
unipe ushahidi.
Haukuporomoka.
Ulikaa pale mpaka majani yakaota,
mweupe, mpole, kama asiyehusika.
Sitajua kamwe.
Henning alilipa nusu.

Baba hakuniuliza habari za kilele.
"Uliondoka na wangapi?"
"Sita."
"Umerudi na wangapi?"
"Sita."
Akalisukuma bakuli la chai upande wangu.
"Basi umefanya kazi."

Jikoni yanawaka makaa ya ghala la zamani,
huenda aliyachimba yeye.
Soksi za wageni zinafuka mvuke kwenye kamba.
Burul siku hizi anauza nta ya skii, kwa bei ya wizi.
Nje imeanza tena, kavu, nyepesi.
Naandika daftarini: nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
upepo wa magharibi.
Ya jana haitanisaidia.
Kesho nachimba upya.