Nambari Arubaini na Moja

Vidole vyangu huamka baada yangu.
Nishaswali alfajiri, nishainjika chai,
vyenyewe bado vimelala, vimevimba
kama maandazi yaliyozidishwa hamira.
Mwanajabu, mjukuu wangu wa darasa la tatu,
ndiye anifunguliaye chupa.
Kifuniko kimeundwa kisifunguliwe na watoto;
kumbe aliyelengwa ni mimi.

Miaka thelathini na minane nimetoboa kofia
hapa Langoni, kitobo kwa kitobo,
sindano ikinijua kuliko mume.
Maradhi yalipoanza, majirani walisema: ni baridi ya bahari.
Wakanisinga kwa mafuta ya habasoda,
wakanichanja, wakanisomea.
Sikatai. Mimi nilipata usingizi,
vidole havikupata.

Hospitali, kijana Famau alinichorea
nyuma ya karatasi ya miadi:
huu mwili, hawa askari wake,
kazi yao kuwinda vijidudu vya homa.
"Wako, Bi Barke, wamesahau sura ya adui.
Wanavunja milango ya nyumba waliyopewa kulinda."
Nikamwambia hilo twalijua bila darubini:
kikulacho ki nguoni mwako.
Akacheka, akaliandika na hilo.

Sasa ni utafiti. Tuko tisini na sita,
wengine Malindi, wengine Faza.
Nusu yetu humeza dawa mpya,
nusu humeza unga uliopakwa rangi ileile.
Chupa haina jina langu,
imeandikwa arubaini na moja.
Nikauliza: na mimi ni wa upande gani?
"Wallahi sijui. Ajuaye ni kompyuta, nayo iko Nairobi."
Nikatia dole gumba kwenye wino.
Kuandika najua;
kalamu ndiyo iliyokataa.

Kila Jumanne ya pili hunitoa damu,
hunipa mpira niubane,
mshale ukapanda kidogo, ukasita
kama mgeni asiyebisha hodi.
Toka moja hadi kumi, maumivu ni mangapi?
Nasema saba.
Nyumbani husema si kitu.

Usiku huwaza: na kama changu ni kitupu?
Miezi sita ya unga na maji ya mtungi?
Juzi niliichukua kofia ya Shee niliyoiacha nusu,
nikaiinua mbele ya taa.
Uzi ukapotea. Vikabaki vitobo,
mwanga ukipita pale pasipo na kitu,
na ua zima likasimama.

Basi na niwe kitobo,
ili ua la wengine lionekane.
Lakini Mola wangu, sikufichi:
ningependa zaidi kuwa uzi.

Jana nimetoboa vitatu.
Huenda ni dawa. Huenda ni joto la kaskazi.
Mwanajabu alitaka kukimbia kumwambia Famau.
Nikamwambia atie alama tatu kwenye daftari,
asiandike sababu.